Mlango Uliovunjika Wenyewe

Kwa miaka thelathini na mmoja Bi Karani alipiga chapa barua za shule, na katika barua zile hakuna mtu aliyewahi kufanya jambo lolote. Mambo yalitokea tu. Vioo vilipasuka, chaki ziliisha, madawati yalipungua. Mwaka ule mwalimu mkuu alipouza madawati arobaini mchana kweupe, wanafunzi wamesimama barazani wanatazama lori linavyopakiwa, Bi Karani aliwaandikia wakubwa: "Madawati yamepungua." Wakubwa wakajibu: "Taarifa imepokelewa." Mwalimu mkuu akahamishiwa shule nzuri zaidi. Bi Karani akastaafu na saa ya ukutani na jina la Karani, ambalo hata mumewe alikwisha kulizoea.

Basi mtaa ulipotakiwa kujaza fomu, fomu zote zilikuja mezani kwake. Nani mwingine angeziandika? Mtu ukijua kalamu, mtaa hukufanya kalamu yake, na hakuna anayekuuliza kama mgongo unauma.

Mkasa wenyewe ulianza Jumanne saa moja asubuhi, chai haijachemka. Askari waliingia na vipaza sauti wakasema wanasaka magaidi, kila mtu atoke na kitambulisho chake akakae uwanja wa shule. Ilisemekana gaidi mmoja amepanga chumba mahali fulani kati ya duka la dawa na kinyozi. Huenda ni kweli. Mtu asidhani mtaa ule ulimwonea huruma. Hakuna anayetaka gaidi awe jirani yake, watoto wakacheze mlangoni kwake. Watu wakatoka. Wakakaa uwanjani siku mbili, jua lao, vumbi lao. Waliporuhusiwa kurudi wakakuta milango kumi na tisa imelala chini, magodoro yamechanwa mpaka ndani, mapipa ya maji yametobolewa. Mlango wa nyumba ya Bi Karani ulikuwa mmoja wa hiyo kumi na tisa. Karakana ya mumewe, ile ya kwenye kona, haikuwepo. Yaani ulibaki ukuta mmoja. Gari la kivita lilitaka kugeuza, kona ni nyembamba, likageuzia ndani ya karakana. Gaidi hakupatikana, au alipatikana mtaa mwingine. Kila redio ilikuwa na habari yake.

Mumewe, ambaye kila mtu alimwita Fundi, hakuwa naye uwanjani. Ile asubuhi walipokuwa wanatoka, alijipapasa mfukoni akakumbuka karakana imefungwa. "Watauvunja mlango bure," alisema. "Ngoja nikawafungulie." Akarudi na funguo, mzee wa miaka sitini na mbili, anatembea haraka kama anayewahi mteja. Bi Karani alikuja kumwona tena siku ya pili jioni, hospitalini, mguu wa kulia uko kwenye plasta kutoka gotini hadi kwenye kisigino.

"Mlango umeniangukia," alimwambia mkewe. "Mbao ngumu, bawaba nne, kazi ya mkono wangu. Ningekuwa fundi mbovu leo ningekuwa natembea."

Bi Karani alicheka. Alikuwa amechoka mno kiasi kwamba kicheko kilikuwa karibu kuliko machozi. Kisha akasoma kadi ya hospitali: "Alianguka nyumbani." Akamtazama mumewe.

"Pale kwenye lango kulikuwa na askari ana daftari," Fundi alisema. "Kila mwenye jeraha anaulizwa amelipatia wapi, na wengine wanawekwa pembeni. Mimi nilitaka plasta, mama. Sikutaka mahojiano."

Bi Karani hakumlaumu. Yeye mwenyewe angeandika vivyo hivyo.

Wiki iliyofuata ule ukuta mmoja uliobaki ulipakwa maandishi mekundu: ENEO LIMETENGWA. Wakapewa na karatasi. Pale kwenye kona patajengwa kizuizi cha ukaguzi, ila kama mwenye eneo ataleta dai likakubaliwa ndani ya siku sitini. Na jengo ambalo lilikutwa limefungwa, mwenyewe amejificha, litahesabiwa kuwa limetelekezwa, na jengo lililotelekezwa halina mwenyewe. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, ilinukuliwa ripoti ya operesheni: "Karakana ilikutwa imefungwa. Mwenyewe hakuonekana."

Fundi aliisoma mara moja, akaikunja. Pale kwenye kona baba yake alimfundisha kushika randa. Pale alitengeneza karibu kila mlango wa mtaa ule, na vitanda, na majeneza mawili matatu aliyokataa kusema ya nani. Bila karakana alikuwa mzee mwenye mguu mbovu anayekaa ndani kumsikiliza mkewe akikohoa. Hakulisema hilo. Alisema tu, "Wataweka kizuizi, basi. Angalau kitakuwa na kivuli." Bi Karani akatamani kumrushia kikombe.

Akakaa kuandika. Fomu ilikuwa na kurasa nne na sehemu moja ya maana: "Eleza kilichotokea." Aliandika kwa mwandiko wake uliosimama wima, ule uliojaza vyeti vya nusu ya mtaa. Kwa kinyozi: mlango ulivunjika, kioo kilipasuka. Kwa mwenye duka la dawa: rafu zilianguka, dawa zilimwagika. Kwa Mama Pacha, mjane wa nyumba ya pili: mlango ulivunjika, cherehani iliharibika. Kwa mumewe: mlango wa nyumba ulivunjika, karakana ilibomoka, vifaa vilipotea, mguu ulivunjika. Alizipanga kumi na tisa zote, akazipeleka ofisi ya madai, akaridhika. Zilikuwa safi. Hakuna hata moja iliyokuwa na kufuta.

Zikarudi zote. Siku ya hamsini na nne ziliteremshwa kwa bahasha moja kubwa, na juu ya kila fomu pamegongwa: DAI HALINA MHUSIKA.

Ofisi ya madai iko ghorofa ya pili, maana watu waliovunjiwa nyumba wana nguvu nyingi za kupanda ngazi. Bi Karani alipanda akiwa ameshikilia ukuta. Kulikuwa na madawati matatu. La kwanza halikuwa na mtu, la pili lilikuwa na mtu aliyesema siyo yeye, la tatu lilikuwa na bwana wa makamo mwenye miwani, shati limepauka kwenye ukosi. Alipomwona alisimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nakufahamu wewe."

"Ulinipigia chapa cheti cha kumaliza shule. Ukakosea mwaka wa kuzaliwa, ukarudia chote badala ya kufuta."

"Sikupenda kufuta," alisema Bi Karani, akakaa kabla hajakaribishwa. "Hizi zina kasoro gani?"

Afisa alichukua ya juu kabisa, akaigeuza kuelekea kwake, akaweka kidole. "Soma hapa, mama."

"Mlango ulivunjika."

"Ulivunjika au ulivunjwa?"

"Tofauti iko wapi? Si umelala chini?"

"Kilichovunjwa kina mtu. Kilichovunjika hakina." Alisema kwa upole, kama mtu aliyekwisha kulisema mara nyingi wiki ile. "Kamati inasoma kilichoandikwa. Inasema, huyu mlango wake umevunjika, pole yake, sasa mbona anatuletea sisi?"

"Milango kumi na tisa ivunjike yenyewe, asubuhi moja, mtaa mmoja?"

"Ndivyo ulivyoandika, mama. Mara kumi na tisa."

Bi Karani aliivuta fomu, akaisoma tena. Jasho jembamba lilimtoka, na si la ngazi. Angeweza kugombana na kamati, na askari, na huyu mwenye miwani, lakini herufi ile aliiweka yeye. Hakuna aliyemlazimisha. Mkono ulijiendea wenyewe, miaka thelathini na mmoja ya kujiendea, na mtaa mzima ukaangukia ndani ya shimo la herufi moja.

"Zinaweza kurekebishwa," afisa alisema. "Kila mtu na yake, kwa saini yake. Mnaandika nani alifanya nini. Mwisho Ijumaa saa tisa alasiri." Akainamia fomu ya Fundi, akashusha sauti. "Hii ndiyo nzito. Ripoti inasema hakuwepo. Kitu pekee kinachoonyesha alikuwepo ni huu mguu, na kadi inasema alianguka nyumbani. Kama mguu ulivunjika nyumbani, basi karakanani hakuwepo. Na kama hakuwepo..."

"Alijificha," Bi Karani akamalizia.

"Mimi sijasema."

"Hapana. Hujasema."

Siku tatu alizunguka nyumba kwa nyumba, miguu imevimba, fomu zimo kwenye mfuko wa plastiki. Kila alipofika ilibidi aanze kwa kukiri kosa lake, na hilo lilimchosha kuliko kutembea. Kinyozi hakumwacha amalize. "Weka hiyo w, Bi Karani. Weka hata mbili. Waliovunja ni askari, niliwaona kwa macho yangu, mmoja nilikuwa nimemnyoa Jumapili." Mwenye duka la dawa alitaka kwanza amuulize kaka yake, na kaka yake alikuwa safarini, na haikujulikana atarudi lini.

Mama Pacha alimpokea kibarazani. Mlangoni kwake alining'iniza shuka la maua, na wale pacha wake wawili walikuwa wanapishana kupita chini yake.

"Niandikie vile vile kama mwanzo," alisema. "Ulivunjika."

"Hawatakulipa hata kitasa."

"Ukiandika ulivunjwa, wataniuliza na nani. Nikisema na askari, wataniuliza askari gani. Nikisema simjui, nimesema uongo. Nikisema namjua, basi na yeye atanijua mimi." Alilirekebisha lile shuka likakaa vizuri. "Shuka halivunjwi, dada yangu. Wakirudi watalifunua tu."

Bi Karani angemwambia nini? Kwamba aogope kidogo? Yeye mwenyewe alikula mshahara wa woga huo huo mpaka akapewa saa ya ukutani. Akamwachia fomu yake, akaenda nyumba ya tatu.

Hadi Alhamisi jioni watu kumi na mmoja walikuwa wametia saini upya. Ikabaki ya nyumbani kwake. Fundi alikuwa kitandani, mguu juu ya mto, anatazama mahali palipokuwa na mlango wao. Walikuwa wameziba kwa kipande cha mbao na kiti.

"Tuandike nini?" mkewe alimuuliza.

"Mlango uliniangukia."

"Mlango wa wapi?"

"Wa karakana."

Bi Karani aliandika kwenye karatasi ya pembeni, ajaribu: "Aliangukiwa na mlango." Akaitazama. Ilikuwa na w, ilikuwa na "na", ilikuwa na mhusika kamili. Kasoro yake ni moja tu, kwamba mshitakiwa alikuwa mlango.

"Mlango ukianguka huangukia mapaja, au mgongo," alisema. "Wewe umevunjika mfupa wa mbele, chini ya goti, mahali pamoja. Nimeuona ule mguu kabla hawajabadilisha plasta. Unanificha kitu."

"Nimechoka, mama."

"Na mimi je? Nimepanda ngazi za watu, nimeomba radhi nyumba kumi na nane kwa herufi. Nimechoka mpaka kwenye kucha! Nipe sentensi moja ya kweli nikalale."

Fundi aligeukia ukutani. Mwishowe Bi Karani aliikunja fomu na mahali pale pakiwa patupu, akaitia mfukoni pamoja na zingine.

Ijumaa alifika mapema, lakini foleni ilikuwa imefika mapema zaidi yake. Ilikuwa saa nane na nusu alipokaa mbele ya dawati la tatu. Afisa alizipitia zile kumi na moja, moja baada ya nyingine, akisoma kwa midomo bila sauti. Ulivunjwa na askari. Kilipasuliwa na askari. Yalichanwa na askari. Kila aliposoma aligonga muhuri. Akafika kwenye ya Fundi, akakuta pale patupu.

"Mama, hapa?"

"Mwenyewe hajasema."

"Zimebaki dakika ishirini na tano."

Ndipo iliposikika ngazini sauti ya kitu kinachogonga, kinatulia, kinagonga. Foleni ikageuka. Fundi alikuwa anapanda ngazi kwa makalio, kinyumenyume, ngazi moja moja, magongo ameyaburuta kwa mkono mmoja na mkono wa pili umekumbatia mfuko wa nailoni. Kinyozi alikuwa chini yake ameushika mguu wenye plasta. Shati la Fundi lilikuwa limelowa mgongo mzima. Watu walimpisha, mmoja akampa kiti.

Bi Karani alimpokea magongo, akayaegemeza dawatini.

Fundi alihema kwanza. Kisha akatia mkono mfukoni akatoa kitasa, akakiweka juu ya dawati, juu ya fomu zenyewe. Kilikuwa kitasa kikubwa cha chuma, kimepinda upande mmoja, bado kimeshikilia kibanzi cha ubao. Ufunguo ulikuwa ndani yake, upande wa nje.

"Kinyozi amekitoa kwenye kifusi leo asubuhi," alisema. "Wewe bwana, jaribu kuuchomoa ufunguo."

Afisa akajaribu. Haukutoka.

"Hautoki, maana hiki kitasa huzungushwa mara mbili. Ukizungusha mara moja ufunguo unanasa, mpaka umalize. Nilikichagua mwenyewe, mtu asiondoke ameufungua mlango nusu." Alikigusa kwa kidole. "Nilizungusha mara moja."

Bi Karani alikuwa ameshika kalamu lakini alikuwa hajui kama ameishika.

"Halafu?" akauliza.

Fundi hakumtazama afisa. Alimtazama mkewe. "Niliwaambia, wakuu, nina funguo, dakika moja. Nikazungusha mara moja. Halafu nikapigwa."

"Na nani?" Hilo lilikuwa swali la afisa, na alilitoa kwa sauti ndogo, kwa sababu fomu ilimtaka alitoe.

"Na askari. Kwa kitako cha bunduki, hapa, mara mbili. Ya kwanza nilifikiri amekosea. Nikavutwa pembeni. Nikiwa chini nikaona gari linarudi nyuma. Mlango haukuniangukia, mama. Mlango ulikuwa wa mwisho kuanguka."

Bi Karani aliandika. Mkono ulitaka kujiendea kwenye njia yake ya zamani, akauzuia, akaandika polepole kama mtoto wa darasa la kwanza: "Alikuwa anafungua. Alivunjwa mguu na askari. Karakana ilibomolewa na gari la askari, yeye akiona." Alipofika mwisho aligundua ameikosea tarehe. Akaifuta, doa likabaki, akaiacha hivyo hivyo. Akamsogezea mumewe, Fundi akatia saini. Saa ya ofisini ilikuwa inakaribia kugonga tisa.

Afisa alichora kitasa kwa kalamu pembeni mwa fomu, na ufunguo wake, akaandika "kimeonyeshwa." Akachukua muhuri, akagonga. IMEPOKELEWA, wino wa bluu, herufi kubwa, ule ule aliokuwa akiugonga Bi Karani kila siku ya kazi ya maisha yake.

"Majibu yatatolewa," afisa alisema, akanyoosha mkono kuchukua fomu.

Bi Karani hakuiachia. "Imepokelewa na nani?"

"Mama?"

"Hapa. Imepokelewa, na nani? Andika jina."

Afisa aligeuka kuutazama mlango wa mkubwa wake, uliofungwa. Akavua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Bi Karani alimngojea. Alimjua mtu huyu kuliko alivyomjua mtu yeyote duniani. Aliujua hata uchovu wa shingo yake, na miaka aliyobakisha kufika pensheni, na namna anavyojiambia kwamba yeye ni mkono tu. Kama angekataa asingemchukia. Angeshuka tu ngazi na mumewe, wakarudi.

Afisa aliinama. Aliandika jina la kwanza, akasimama kidogo, akaandika la pili, chini ya muhuri, kwa mwandiko unaosomeka.

"Sasa na mimi nimo," alisema, kana kwamba anajiambia mwenyewe.

"Karibu," akasema Bi Karani, kwa sauti ile ile aliyowakaribishia wageni miezi miwili kwenye nyumba isiyo na mlango.